Shanga za Kijivu za Fundi Ngoy

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mujinga alipitia kwanza kiwanja cha ndege. Mama yake, Albertine, alimpa chupa ya chai na mkate uliofungwa kwenye karatasi, naye akakata njia nyuma ya nyumba za askari, ambako wanawake walikuwa wakifagia nyua zao na kuitana kwa lugha za pande zote za Zaire: huyu Kilingala, yule Kiluba, mwingine Kitetela. Base ya Kamina, kambi kubwa ya jeshi, ilikuwa hivyo siku zile. Mtoto aliweza kusalimiwa kwa lugha tatu kabla hajafika barabarani.

"Umechelewa, binti ya ndege," akina mama walimtania.

"Ndege haijaruka bado, mama," alijibu bila kusimama.

Ndege waliyoitaja ilikuwa ndogo na nyeupe, yenye injini moja na propela moja mbele. Haikuwa ya jeshi. Ilikuwa ya hospitali ya misheni, na kazi yake ilikuwa kupeleka dawa na kuleta wagonjwa kutoka mahali ambako gari lilifika kwa taabu au halikufika kabisa: Kabondo-Dianda wakati wa mvua, Sanga kando ya ziwa Kisale, na vijiji vingine vya njia mbaya. Rubani wake alikuwa commandant Mwanza, na aliyeitunza alikuwa Ngoy, baba yake Mujinga. Kazini aliitwa citoyen Ngoy, yaani raia Ngoy, kama ilivyotakiwa wakati ule. Nyumbani na kanisani aliitwa Ferdinand. Mujinga alimwita Tata tu, na kila alipolitamka neno hilo mbele ya watoto wengine, kifua chake kilijaa.

Alimkuta chini ya bawa, amechuchumaa, akifungua kijibomba kidogo. Kutoka humo petroli ilichuruzika ndani ya gilasi. Ngoy aliinua gilasi kuelekea jua.

"Rangi?"

"Buluu," Mujinga akasema.

"Mayi?"

"Hakuna mayi."

"Takataka?"

"Hakuna takataka."

"Basi inaweza kuruka."

Huo ulikuwa mchezo wao, na pia haukuwa mchezo. Petroli ya ndege ndogo ilitiwa rangi makusudi, ili mtu asiichanganye na mafuta ya ndege kubwa za jeshi, ambayo hayakuwa na rangi yoyote. Maji kidogo ndani ya tangi, au mafuta yasiyo yake, na injini ingezima angani. Ngoy alimfundisha binti yake maswali hayo matatu tangu alipokuwa hajui kuandika jina lake, na hakuna asubuhi aliyoruka hata swali moja.

Petroli ilikuja kwa treni ndani ya mapipa, ikashushwa kwenye gare, stesheni ya mjini Kamina, ikaletwa Base kwa lori. Ili kuitoa kwenye pipa, Ngoy aliingiza mpira mrefu, akaweka ncha ya pili mdomoni, akavuta kwa pumzi moja. Petroli ilipofika alitema tone chini, akautumbukiza mpira ndani ya bidoni, dumu la kubebea, nayo petroli ikatiririka yenyewe. Pampu ya mkono ilikuwepo, mpya kabisa, ndani ya sanduku lake chini ya meza ya vyombo. Hakuna aliyeigusa. Katika angari ile, banda la ndege, kijana aliyekuja kujifunza kazi aliitwa fundi siku alipoweza kuvuta petroli kwa mdomo bila kukohoa.

"Pampu iko ya bale ba vifua vya karatasi," Isaïe alikuwa akisema. Isaïe alikuwa msaidizi wa Ngoy, mwanaume mnene mwenye mzaha mwingi. "Minyi nilivuta siku ya kwanza, sikukohoa hata kidogo."

"Ulikohoa mupaka ukaita mama yako," Ngoy alijibu, na wote wakacheka.

Kulikuwa na jambo jingine lililomfanya Mujinga ajione tofauti na watoto wote wa Base. Mara kwa mara Ngoy alifungua buji za injini, vile vyuma vidogo vinavyotoa cheche na kuiwasha petroli. Ndani yake alikuta vitone vigumu vya kijivu vilivyoganda, vidogo kama mbegu za mchicha, vingine kama punje za mtama. Alivichokoa kwa sindano, akavipuliza kwa mdomo, na vilivyoanguka mezani Mujinga alivikusanya kwenye kopo la maziwa. Aliviita shanga za ndege. Alilala na kopo hilo chini ya mto wake. Shuleni aliwaonyesha wenzake.

"Hizi zilitoka mbinguni," aliwaambia. "Zilizaliwa ndani ya moto wa injini ya Tata."

Hata Likoke, mtoto wa sajini, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu kitu cha mtu, aliomba ashike moja.

Mwaka ule, kiangazi kilipokuwa kirefu na vumbi jekundu likifunika majani ya miti, Ngoy alianza kubadilika.

Kwanza alikataa chakula. Alisogeza sahani ya bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo, akashika tumbo, akasema limejikunja. Kisha alianza kuumwa kichwa na kukosa usingizi. Yeye aliyekuwa mpole alikasirishwa na kelele za vijiko. Albertine alimpikia uji, akamchemshia majani, akamwombea. Jirani mmoja alisema kuna mtu anaionea wivu kazi yake. Mwingine alisema neno baya zaidi, na neno hilo lilifika shuleni.

"Tata yako anakunywaka lutuku," Likoke alimwambia Mujinga walipokuwa wakisubiri kengele. "Mama aliona vile anatembea. Anayumba."

"Tata hanywake pombe. Tuko batu ba kanisa."

"Bale ba kanisa njo banajificha vizuri."

Watoto walicheka. Mujinga hakulia, lakini siku hiyo hakulitoa kopo lake mfukoni.

Alipotoka shule alipitia angarini. Baba yake alikuwa akifunga waya mwembamba kwenye kichwa cha skrubu. Kila skrubu muhimu ya ndege hufungwa waya ili mtikisiko usiifungue, na Ngoy aliufunga waya huo kwa ustadi, ukisokotwa sawasawa kama nywele za bibi harusi. Siku hiyo alikuwa akilikosa tundu. Ncha ya waya ilipita kushoto, ikapita kulia, ikamchoma kidole. Mujinga alitazama mikono ya baba yake. Ilikuwa ikitetemeka.

Ngoy alimwona. Akaishusha mikono kwenye magoti.

"Kuya huku," alisema taratibu. "Vidole vyako viko vidogo. Pitisha."

Mujinga akapitisha waya kwenye tundu. Baba yake alimalizia kuusokota kwa koleo, akiwa ameuma ncha nyingine kwa meno. Hapo Mujinga akaona pia kitu kwenye ufizi wake, chini ya meno: mstari mwembamba, wa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu.

"Usiambie muntu," Ngoy alisema. "Hata mama yako. Commandant akijua, atasema nipumzike, na nikipumzika nani atachunga ndege? Itapita."

"Ndiyo, Tata."

Alisema ndiyo kwa sababu alimpenda. Tena alikuwa na fahari, na fahari yake ilimwambia kuwa mtu akijua habari ya mikono ile, maneno ya Likoke yataonekana kuwa kweli. Basi siku zilizofuata alipita angarini asubuhi na jioni, akapitisha waya kwenye matundu, na akanyamaza.

Kisha ikafika asubuhi ya habari kutoka Kabondo-Dianda. Mwanamke mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa tangu juzi, na mtoto hatoki. Rubani, commandant Émile Mwanza, alikuwa tayari anakuja na Mama Delphine, muuguzi wa misheni. Mujinga alipofika na chai, baba yake alikuwa amekwisha kujaza matangi kwa haraka, jasho likimtoka ingawa asubuhi ilikuwa baridi.

Ngoy aliinua gilasi.

"Rangi?"

"Buluu."

"Mayi?"

"Hakuna mayi."

"Basi inaweza kuruka," Ngoy akasema, akamwaga petroli chini.

Mujinga alibaki amesimama. Swali la tatu halikuulizwa. Halijawahi kukosekana. Akageuka, akaitazama ndege kwa macho ambayo baba yake mwenyewe alimpa: tairi, propela, bawa, ngazi. Ngazi ilikuwa bado imeegemea bawa. Na juu kabisa, kwenye kipandio cha mwisho, jua la asubuhi lilimetameta juu ya kitu cha mviringo.

Kifuniko cha tangi.

Mujinga alijua maana yake. Ndege ikiruka na tangi likiwa wazi, upepo huifyonza petroli yote kupitia pale, hadi tone la mwisho.

"Tata," alisema kwa sauti ndogo. "Kifuniko."

Ngoy alitazama juu. Uso wake ukawa kama majivu. Alipanda ngazi, akakishika kifuniko, kikamponyoka, kikabiringika chini hadi miguuni pa Mujinga. Wakati huohuo gari la misheni lilisimama, na Mwanza na Mama Delphine wakashuka mbiombio.

"Iko muzuri, fundi?" Mwanza aliuliza, huku akifungua mlango wa ndege.

Ngoy alikuwa bado kwenye ngazi. "Iko muzuri, commandant."

Mujinga aliokota kifuniko. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Alimfikiria mwanamke wa Kabondo-Dianda ambaye hakumjua. Alimfikiria Mama Delphine, ambaye alimchanja sindano na kumpa peremende. Alimtazama baba yake kule juu, akaona kwamba baba yake naye anamtazama, na kwamba macho yake yanamwomba.

"Hapana, commandant," Mujinga alisema. "Haiko muzuri."

"Mujinga," baba yake akasema.

"Tata aliniambia ninyamaze, na minyi nilinyamaza. Mikono yake inatetemeka. Hawezi kupitisha waya, njo minyi napitishaka. Leo amesahau kufunga tangi." Akamgeukia Mama Delphine. "Lakini hanywake lutuku. Tata iko mugonjwa."

Isaïe, ambaye siku zote alikuwa na mzaha, alitazama viatu vyake.

Mwanza alichukua kifuniko kutoka mkononi mwa Mujinga. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku ya dharura. "Fundi, shuka," alisema, na sauti yake haikuwa ya kufokea. "Isaïe, kuja na vyombo. Tunaangalia ndege yote upya, kutoka mukia mupaka propela."

Wakati wale wawili wakikagua, Mama Delphine alimketisha Ngoy juu ya sanduku. Alimnusa pumzi, akamshika mikono, akamkunjua kope za macho. Kisha akasema, "Fungua kinywa, tata," na alipoushusha mdomo wa chini kwa kidole, aliinama kutazama karibu zaidi.

"Mstari huu uko tangu lini?"

"Mustari gani?" Ngoy aliuliza.

"Minyi niliuona," Mujinga akasema.

Mama Delphine aligeuka. "Weye unaona bintu bingi. Niambie, kazini Tata yako anashika nini? Anatia nini mdomoni?"

Mujinga alimwambia yote: mpira wa kuvutia petroli, buji zinazopulizwa, waya unaoumwa, mikono inayonawishwa kwa petroli ili grisi itoke. Halafu akatoa kopo la maziwa mfukoni, akamwaga shanga chache kwenye kiganja cha muuguzi.

Mama Delphine alizitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kitu kingine chochote asubuhi hiyo. "Pale Sanga nilikuwa na mgonjwa mvuvi," alisema. "Alikuwa akiyeyusha betri za magari kutengeneza uzito wa nyavu. Tumbo lilijikunja, mikono ilitetemeka, na ufizi wake ulikuwa na mstari kama huu. Ilikuwa risasi. Si ya bunduki. Nasema yale madini mazito na laini yanayotengenezewa risasi za bunduki. Yakiingia mwilini hayatoki upesi. Yanajificha kwenye mifupa."

"Kwa esanse ya ndege mutatoka wapi risasi?" Ngoy aliuliza, akilitazama pipa la petroli.

"Imo, fundi," Mwanza alijibu kutoka chini ya bawa, na sauti yake ilikuwa nzito. "Inatiwa huko kiwandani. Njo inaganda kwenye buji. Nilisoma habari hiyo shuleni, na kila siku nilikuona unavuta kwa mdomo, sikusema kitu. Kosa hilo liko langu pia."

Mama Delphine alimwuliza Mujinga anakoliweka kopo lile. Aliposikia "chini ya mto", alilifunga kwa kitambaa, akalichukua, na kumpeleka Mujinga bombani anawe kwa sabuni hadi viwiko. Baadaye alimpima yeye pia, akamkuta salama.

Ndege iliruka asubuhi hiyo, imefungwa kila mahali. Ilirudi kabla ya mchana na mwanamke wa Kabondo-Dianda amelala nyuma ya kiti cha rubani, na siku ile ile hospitalini akazaa msichana.

Lakini Ngoy hakumsemesha binti yake njia yote ya kurudi nyumbani.

Ilibidi apelekwe kwenye hospitali kubwa ya Lubumbashi, kwa treni. Jioni ya safari, familia nzima ilimsindikiza gare ya Kamina. Albertine alikuwa amemfungia kuku na mikate. Jukwaa lilikuwa limejaa watu na mizigo, na behewa lilipoanza kutikisika, Ngoy aliinama dirishani.

"Ulisema mbele ya bantu," alimwambia Mujinga.

"Ndiyo, Tata."

"Iliniuma sana."

Mujinga aliinamisha kichwa. Treni ilijivuta, ikasimama, ikajivuta tena.

"Nilikuwa nalala usiku naomba muntu mwingine aseme, maana minyi nilishindwa," Ngoy akaendelea. "Sikujua kama atakuwa weye. Kila asubuhi nenda ukamuulize Isaïe yale maswali. Yote matatu."

"Yote matatu, Tata."

Akafanya hivyo. Isaïe alinung'unika mwanzoni, eti mtoto wa shule anamfanyia mtihani, lakini kila asubuhi aliinua gilasi kuelekea jua. Pampu ilitoka kwenye sanduku. Glovu zilikuja kutoka hospitalini. Sabuni ikawekwa karibu na bomba, na mtu aliyeonekana kunawa kwa petroli alifukuzwa na Mwanza mwenyewe. Kuhusu Likoke, alimjia Mujinga wakati wa kupumzika, akachora mchanga kwa kidole cha mguu, akasema mama yake amesikia kwamba haikuwa lutuku. Mujinga alimjibu, "Nilikuambia," na wakaenda kucheza.

Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kulituliza vumbi treni ilipomrudisha Ngoy. Alikuwa amekonda, lakini alikula bukari nyumbani kwake hadi Albertine akacheka kwa furaha. Siku iliyofuata alikwenda angarini. Alichukua waya, akaupitisha kwenye tundu mara moja tu, mbele ya wote, na akausokota sawasawa. Kisha akauchukua ule mpira wa kuvutia petroli, akaukata kwa kisu vipande vipande.

"Fundi, mupira wetu," Isaïe akalalamika. "Na mwanafunzi mupya tutamujua namna gani kama amekuwa fundi?"

"Tutamupa gilasi," Ngoy akasema. "Aniambie anaona nini."

Hospitalini Lubumbashi, Ngoy alikuwa na muda mwingi wa kufikiri, na alirudi na swali. Alimwuliza Mwanza walipokuwa wakinywa chai, na Mujinga alikuwepo.

"Commandant, kwa nini bantu batie sumu mu esanse? Hakuna njia ingine?"

Mwanza aliweka kikombe chini. "Injini yetu inakandamiza mvuke wa petroli kabla ya kuuwasha. Ukikandamizwa sana unawaka wenyewe kabla ya wakati, na unapiga pistoni kama nyundo. Weye unaijua ile sauti."

"Naijua. Sauti mubaya."

"Zamani wataalamu waligundua kwamba risasi kidogo inaizuia. Iliwafaa, wakaendelea. Sasa nchi kadhaa zimeanza kuiondoa kwenye petroli ya magari, kwa sababu ya watoto wanaovuta ule moshi. Ndege zitafuata, lakini polepole. Gari likizima, unasimama kando ya barabara. Ndege ikizima juu, hakuna kando ya barabara. Kwa hiyo banajaribu, banapima, banajaribu tena."

"Na injini yetu?"

Mwanza akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Yetu ni ya aina ya zamani. Haikandamizi sana. Kwa injini kama hii, wakaguzi wa huko ndege ilikoandikishwa wamekubali petroli isiyo na risasi, kama fundi ataichunguza vizuri. Nimeomba mapipa mawili. Nimewaambia niko na fundi."

Mapipa yalichelewa, kama kila kitu cha treni, na habari zikayatangulia. Siku yalipofunguliwa, nusu ya Base ilikuja kutazama ndege ya fundi Ngoy ikijaribu mafuta mapya. Akina mama wa njia ya nyuma walikuja na watoto mgongoni. Likoke alipanda juu ya ukuta.

Ngoy, akiwa amevaa glovu, alizungusha mkono wa pampu. Petroli ilipita kwenye ngozi laini ya kuchujia, ikaingia kwenye gilasi. Aliinua gilasi kuelekea jua.

"Rangi?"

Mujinga alitazama. Alitazama tena. "Haina rangi, Tata."

Watu wakanong'ona. Mafuta ya ndege kubwa nayo hayakuwa na rangi. Kama pale gare mtu alikosea pipa, nani angejua?

"Muzuri," Ngoy akasema kwa utulivu. "Rangi haitusaidie tena. Nipe karatasi."

Mujinga alichana ukurasa mweupe kutoka daftari lake la shule. Ngoy alidondosha juu yake tone moja la pipa jipya, na kando yake tone la mafuta ya ndege kubwa aliloomba kwa askari. Wote wakasubiri. Tone la mafuta ya ndege kubwa lilitanda, likabaki doa la mng'ao kama la samli. Tone la pipa jipya lilififia, likafifia, na karatasi ikabaki nyeupe, kana kwamba hakuna kilichoangukia pale. Ilikuwa petroli safi.

"Mayi?" Ngoy akaendelea.

"Hakuna mayi."

"Takataka?"

"Hakuna takataka."

"Basi injini ituambie yenyewe."

Mwanza aliiwasha. Ngoy alisimama karibu na bawa, ameinamisha kichwa, macho amefumba. Alikuwa na masikio yaliyojulikana hadi Lubumbashi. Alisikia ugonjwa wa injini kabla haujaonekana kwenye mishale ya vipimo vyake. Mwanza aliongeza moto, kelele ikapanda, nyasi zikalala, vitenge vikapepea. Ngoy alisikiliza kwa muda mrefu. Hakuna nyundo. Akafumbua macho na kuinua kidole gumba.

Ndege iliizunguka Base, ikarudi, ikakaguliwa. Siku zilizofuata ilikwenda mbali zaidi, hadi ikatua Sanga na kurudi na wagonjwa. Mapipa mawili yalipoisha, Ngoy alizifungua buji zote, akazipanga juu ya kitambaa cheupe mezani. Hakuzipuliza. Alimpa Mujinga kioo cha kukuzia.

"Tafuta shanga zako," alisema.

Mujinga alipita moja baada ya nyingine. Ndani kulikuwa na weusi mwembamba kama wa sufuria ya jana. Hakukuwa na shanga hata moja.

"Hazipo, Tata."

"Hazipo," Ngoy akarudia. Alizichunguza vali pia, moja moja, akazikuta nzima, na Mwanza akaahidi kuwapelekea wakaguzi habari hiyo, kwa jina la fundi Ngoy wa Kamina.

Mwezi uliofuata petroli ya buluu ilirudi, maana ile nyingine ilikuwa bado adimu. Ngoy hakuficha jambo hilo. Watoto wa darasa la Mujinga walipoletwa angarini na mwalimu wao, aliwaonyesha mapipa ya buluu na pampu na glovu.

"Iko siku ndege zote ndogo zitaruka bila sumu hii," aliwaambia. "Pengine mutaiona nyinyi, pengine mutaifanya nyinyi. Ndege yetu ilishaonyesha kwamba inawezekana. Minyi nilifikiri ufundi ni kuvumilia: kuvuta kwa mdomo, kuficha maumivu, kunyamaza. Nilikuwa nimekosea, na kosa langu karibu lipande ndege pamoja na bantu. Ufundi ni kujua kitu unachokishika. Na ukiona haiko muzuri, useme haiko muzuri, hata kama anayekusikia ni Tata yako. Binti yangu alisema. Njo maana niko hapa na mikono yangu."

Alinyoosha mikono mbele ya watoto. Ilitulia kama mabawa ya ndege iliyoegeshwa.

Likoke alimgusa Mujinga kiwiko. "Muulize atuonyeshe ile ya gilasi," alinong'ona.

Mujinga hakuhitaji kuuliza. Baba yake alikuwa amekwisha kuinua gilasi kuelekea jua, na darasa zima lilikuwa linasubiri swali la kwanza.